Mpishi wangu amebadilika na hataki kusema: nimfukuze?

Swali: Assalaam alaikum daktari. Nina hoteli ndogo hapa Arua, karibu na soko. Binti anayenipikia ana miaka kama 24, na huu ni mwaka wake wa nne kwangu. Zamani nikimwachia funguo nalala usingizi. Tangu siku chache kabla ya Idd amekuwa mtu mwingine. Anachelewa, maharagwe anayatia chumvi mara mbili, chapati zinaungua naye amesimama palepale kwenye sigiri. Hali nasi tena. Wiki iliyopita mteja alilalamika, akamjibu, "Kama hutaki, hoteli ziko nyingi." Nikamkata elfu tano. Hakusema kitu, akarudi jikoni, na usiku ule mimi ndiye sikulala. Dada yangu anasema ni kiburi, ameshapata mwanamume wa kumlisha. Jirani anasema nimchunge, asije akawa ameanza kuniibia. Shehe wetu ametuambia Ijumaa tuwatafutie ndugu zetu nyudhuru sabini. Mimi hata mbili sijazipata. Nimemwuliza mara tatu, "Una nini siku hizi?" Anajibu, "Hakuna." Nimfukuze, au nivumilie mpaka lini? Na ile pesa nimrudishie? Samahani kwa maneno mengi, tangu Januari mzee wangu yuko Kampala kwa matibabu na usiku sina wa kuongea naye. (Mama Hoteli, Arua)

Jibu: Waalaikum salaam, mama. Udaktari niuweke kando kwanza, maana si wangu. Mimi ni afisa tabibu wa magonjwa ya akili, niliyesomea Butabika, ile hospitali ya Kampala ambayo ipo tangu 1955 na watu bado wanapunguza sauti wanapoitaja.

Usimfukuze wiki hii. Wala usivumilie, kama kuvumilia kwenyewe ni kule tunakokujua sote: kunyamaza huku unahesabu makosa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale uliyoyaona kwa macho: chumvi, chapati, kuchelewa, kutokula, jibu alilompa mteja. Fungu la pili ni kiburi, mwanamume, wizi. Hayo hakuna aliyeyaona. Yameletwa na midomo, na kwa kuwa yamekuja yakiwa na sababu tayari, yanaonekana mazito kuliko yale uliyoyaona mwenyewe.

Akili zetu ndivyo zilivyo. Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Jones na Victor Harris, waliwapa wanafunzi insha kuhusu Fidel Castro, kiongozi wa Kuba. Wengine waliambiwa waziwazi kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa aandike hivyo. Hata hivyo waliosoma insha za kumsifu Castro walielekea kuamini kwamba mwandishi anampenda Castro. Walijua amelazimishwa, wakamhesabia kuwa ni moyo wake. Nasi ndivyo tunavyofanya kila siku: nikichelewa mimi ni mvua, ni boda, ni mtoto aliyelala vibaya, akichelewa mwenzangu ni tabia yake.

Kwa hiyo zile nyudhuru sabini usizichukue kama hesabu ya kutimiza. Hata ukiupata mmoja, na hata usipokuwa wa kweli, kazi yake inafanyika: ule uhakika wa dada yako unaingia ufa. Huhitaji zaidi ya ufa huo ili uweze kuongea na binti huyu bila hukumu mkononi.

Nikupe kisa changu, ingawa hakinipendezi. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa katika kituo kimoja cha afya kijijini. Siku ya wagonjwa wa kifafa ilikuwa Jumanne, mwisho saa saba mchana. Kulikuwa na mama aliyemleta mwanawe wa miaka sita, na kila mwezi alifika inakaribia saa nane, nimeshafunga daftari. Siku moja nikamfokea: "Mama, huu ugonjwa ni wa mtoto wako au ni wangu?" Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Akainamisha kichwa, akapokea vidonge, akavifunga ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, akatoa kikopo cha chumvi kwenye kikapu chake, akavizika humo mpaka visionekane. Kikopo kile nilikiona miezi mitano. Sikuuliza. Nilidhani ni ushamba.

Mwezi wa sita muuguzi mwenzangu, aliyejua lugha ya kwao, ndiye aliyemwuliza. Nyumbani kwa mumewe walishakata shauri kwamba ugonjwa wa mtoto ni wa mizimu, na kwamba dawa za hospitali zinaichokoza. Mama yule alikuwa akisubiri mama mkwe ale, alale, ndipo ambebe mtoto mgongoni aje kwetu. Na chumvi ilikuwa kitu pekee jikoni ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Mtu aliyekuwa akijificha kila mwezi ili mwanawe asiangukie motoni, mimi nilikuwa nimemwandikia uzembe.

Nimekirudia kisa hiki miaka mingi kichwani, na kinachoniuma si kwamba sikuijua siri ya chumvi. Ningeijuaje? Kinachoniuma ni kwamba sikuhitaji kuijua ili nisimfokee. Ningeweza kumpa vidonge na kumwambia, "Haya mama, karibu mwezi ujao," bila kujua lolote. Watu huniandikia wakitaka niwafundishe kusoma mioyo ya wenzao. Sijui kusoma mioyo, na nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Tuna methali ya kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Nakubaliana nayo, ila naona tunaitumia sana kumnyamazisha anayesengenya, na mara chache kumsogelea yule anayewashwa.

Sasa turudi kwa "Hakuna" ya binti wako.

Fikiria tunavyosalimiana. Ukimwambia mtu "Hujambo?" umemwuliza kama hana jambo, na jibu limeshaandaliwa: "Sijambo." Nimelisikia jibu hilo likitoka kwa mwanamume aliyekaa kando ya kaburi bichi la mkewe. Lugha yetu, pamoja na utamu wake wote, haina salamu inayomruhusu mtu aitike, "Nina jambo." Anayezidiwa hupunguza kidogo tu: "Sijambo kidogo." Mgonjwa akinijibu hivyo, mimi huvuta kiti. Wewe hujapata hata hicho kidogo, kwa sababu "Una nini siku hizi?" ikitoka kwa mwenye hoteli ni shtaka, na "Hakuna" ni jibu la mshtakiwa.

Sitampima binti wa watu kwa barua. Nitakachosema ni kwamba kukosa hamu ya kula, kujitenga, kusahau kitu ulichokifanya dakika tatu zilizopita, na hasira za karibu, yakidumu wiki mbili na zaidi kwa mtu ambaye hakuwa hivyo, ndiyo mambo ninayoyaandika kwenye faili mara kwa mara. Watu wanadhani sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni kulia. Wengi wanaokuja kwangu hawalii. Wanasema kichwa kinapiga, mwili una moto, mawazo ni mengi, au wanaletwa na ndugu kwa sababu wamekuwa wakali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwauliza wanavijiji wa upande wa Masaka na Rakai ni shida gani UKIMWI umewaletea mioyoni. Wakazitaja mbili kwa Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Wanavijiji walikuwa na majina yake kabla hata ya sisi wa hospitali kufika na makaratasi. Kisha, katika vijiji 30, baadhi ya waliokuwa na hali hiyo waliwekwa katika vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Waliongea tu, kuhusu kufiwa, ugomvi, maisha yaliyogeuka, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwa na vikundi, na hakukuwa na kidonge. Nakutajia hili ili usiseme, "Mimi mwenye hoteli ndogo nitamsaidia nini?"

Lakini pia yaweza kuwa si ugonjwa kabisa. Huenda ana deni la simu linalozaa kila usiku. Huenda mimba imeharibika na hakuna aliyejua kama ilikuwepo, au ipo na harufu ya mafuta ya chapati inamgeuza tumbo. Huenda kuna mtu anayempiga. Wapo wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao mifupa inawauma wakiwa wamesimama wanatabasamu, na wapo wanaokunywa dawa zao za kila siku chooni ili wenzao wasione chupa. Na huenda, mama, hakuna lolote: amechoka na moshi, amechoka na mshahara, anatafuta kazi kwingine na hajui atakuambiaje. Hilo nalo linawezekana, na halibadilishi unachotakiwa kufanya kwanza.

Ukumbuke pia sisi wa West Nile tumelelewa na nani. Baada ya Rais Idi Amin kuangushwa mwaka 1979 na vita kurudi kwetu mwaka 1980, wazazi wetu walivuka kwenda Zaire (Kongo ya leo) na Sudan na kukaa huko miaka. Waliporudi walijenga, wakalima, wakatusomesha. Kusimulia hawakusimulia. Tulijifunza kwao kwamba mtu mzima anameza. Mzee anayegomba kila geti la bati likipigwa na upepo, watoto wanamwita mkali, na hakuna aliyewahi kumwuliza ule mlio unamkumbusha nini. Sasa tunaishi na majirani wa Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ya Bidibidi peke yake, kule Yumbe, iliyofunguliwa mwaka 2016, ina watu zaidi ya laki mbili. Nao wanakunywa chai kwenye hoteli zetu na kujibu salamu kama sisi. Hata yule mteja aliyelalamikia chumvi, hujui asubuhi ile alikuwa ametokea wapi.

Basi ufanyeje. Ngoja saa ya chakula cha mchana ipite, vyombo vioshwe, muwe wawili. Usimwite ofisini, kama unayo. Chukua beseni la viazi na visu viwili, ukae kando yake, usikae mbele yake. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye viazi, mtu husema mambo ambayo uso kwa uso hayatoki. Mwambie ulichokiona, kimoja tu, na kisiwe kosa: "Tangu kabla ya Idd naona huli nasi, na zamani wewe ndiye uliyekuwa unatuita tule." Halafu: "Sisemi habari ya chapati. Ukitaka kusema, nipo. Usipotaka, kesho pia nitakuwepo." Kisha menya viazi. Menya kumi, ishirini, bila neno. Najua kunyamaza ni kugumu. Wanafunzi ninaowafundisha hawafiki viazi vitatu.

Akisema tena "Hakuna," mjibu "Sawa," na usiongeze "ila." Mwekee sahani yake pale anapokaa, usisimame kuangalia kama anakula. Siku nne tano zikipita, rudia. Wengi husema mara ya pili au ya tatu, wakishahakikisha kwamba ile ya kwanza haikuwa mtego.

Na akisema, dakika za mwanzo usimwambie avumilie, wala amwachie Mungu. Mimi ni mtu wa sala, lakini maneno hayo yakija mapema mno humaanisha "basi, inatosha." Usimletee na kisa cha mpwa wako aliyepata makubwa zaidi. Mwulize: "Ungependa nikusaidie wapi?" Pengine atakuomba siku mbili tu. Na atakalokuambia lisifike kwa dada yako, wala kwa jirani, wala kwenye dua za kina mama. Arua ni jiji tangu 2020, lakini habari inatembea bado kama kijijini, na akiisikia siri yake sokoni hutampata tena.

Kuna jambo moja la kuuliza bila kuzunguka. Akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake au kuaga kwa namna usiyoielewa, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Akikubali, usimwache peke yake. Nenda naye siku hiyohiyo hospitali ya rufaa ya Arua, kwenye kitengo cha afya ya akili, na njiani usimtajie polisi. Sheria yetu ya adhabu bado inaliita jaribio la kujiua kosa, na hofu hiyo inawafunga wengi midomo.

Kuhusu kazi: maharagwe yenye chumvi mbili hayaliki, na kumhurumia hakukukatazi kusema hivyo. Ila usiyachanganye na mazungumzo ya viazi. Yapewe siku yake. Kwa wiki chache mtoe mbele ya wateja, abaki kwenye kukata, kuosha na kukanda unga. Kubalianeni saa ya kufika, muitazame tena baada ya wiki mbili. Ukifika mahali pa kumwachisha, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize kabla ya uamuzi, akiwa na mtu wake aliyemchagua kama anataka. Sheria nzuri hiyo. Ukianza na viazi, utakuwa umeshaitimiza nusu.

Sasa nije kwenye mstari wako wa mwisho, ule uliouombea radhi.

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa theolojia kule Princeton, Marekani. Waliwatuma mmojammoja kwenda jengo la pili kutoa hotuba. Baadhi yao mada yao ilikuwa kisa cha Injili cha Msamaria aliyesimama njiani kumhudumia majeruhi. Njiani walimkuta mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Katika wale walioambiwa wana muda, 63 kwa mia walisimama kumsaidia. Katika wale walioambiwa wameshachelewa, 10 kwa mia. Wengine waliokuwa wakienda kuhubiri habari za Msamaria walimpita. Roho mbaya hawakuwa nayo, walikuwa na haraka.

Wewe una haraka tangu Januari. Unafungua hoteli alfajiri, unapiga simu Kampala, unatafuta pesa ya dawa, unahesabu mkaa, usiku unabaki macho. Ni nani aliyekuuliza habari zako akangoja jibu? Wateja wakikusalimia unaitika "sijambo," nao wanaagiza chai. Nina wazo, na ukiliona si la haki unisamehe: kama binti huyo naye angeniandikia, barua yake huenda ingeanza hivi, "Mama ninayemfanyia kazi amebadilika tangu Januari." Angetaja ulivyoacha kucheka naye jikoni, angetaja elfu tano. Na angemaliza kwa kusema kwamba amekuuliza kuna nini, ukamjibu hakuna. Je, umeshamwambia kwamba mzee anaumwa? Najua anajua yuko Kampala. Nauliza kama umemwambia wewe, kwa mdomo wako, kwamba unaogopa.

Tafuta pia mtu wako wa usiku, hata kwa simu, hata kwa robo saa: rafiki wa zamani, mke wa shehe, yeyote asiyependa kushauri. Ukiona wiki zinapita na usingizi hauji, kile kitengo cha hospitali nilichokutajia kwa ajili ya binti, mlango wake ni wako pia.

Elfu tano mrudishie. Jumamosi, pamoja na malipo yake, bila hotuba. Akiuliza ni ya nini, mwambie siku ile ulikuwa na jambo.